Kwenda kuonja mvinyo Dodoma na marafiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa Dar es Salaam, Morogoro, Arusha na hata Nairobi wanaopanga kuja Dodoma kikundi kizima, watembelee kiwanda cha mvinyo, waonje, wale nyama, warudi na chupa kadhaa. Wengi huuliza kwanza habari za glasi. Ushauri wangu kwa wote ni mmoja: anzeni shambani. Aliyeona mizabibu imebeba, akazungumza na mkulima anayesubiri gari la kiwanda, huonja kwa namna nyingine kabisa anapofika mezani.

Kwa nini Dodoma na si mahali pengine Tanzania?

Kwa sababu ya ukame. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, wakati mashamba mengi maarufu ya mvinyo duniani yako kati ya nyuzi 30 na 50. Lakini mji uko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua kwa mwaka huwa kati ya milimita 500 na 600, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua, upepo na usiku wenye ubaridi. Hewa kavu huyakimbiza magonjwa ya ukungu, na mzabibu hauna adui mkubwa kuliko hayo. Mahindi yanaposinyaa, mzabibu uliopata maji kidogo kwenye mizizi huendelea kukusanya sukari.

Zabibu zililetwa na wamisionari wa Kikatoliki katika karne ya 20, na jina linalotajwa zaidi katika habari hiyo ni misheni ya Bihawana, kwenye barabara ya Iringa. Walihitaji divai ya misa. Baadaye Serikali iliunda kampuni ya umma ya DOWICO, iliyonunua zabibu za wakulima na kutengeneza mvinyo. DOWICO ilipoyumba, wakulima wengi walikosa pa kuuza na baadhi yao waling'oa mizabibu. Wazee wa Mpunguzi na Hombolo wanaikumbuka habari hii vizuri. Ukikaa nao kivulini, waulize, maana hiyo ndiyo historia ya mvinyo huu na hutaikuta kwenye lebo ya chupa.

Twende mwezi gani?

Agosti au Septemba. Ukiniruhusu kuchagua wiki moja, ningechagua ya mwanzo wa Septemba.

Huo ni msimu wa mavuno wa kiangazi. Vichala vimejaa, kreti zinapakiwa alfajiri kabla jua halijakolea, na kiwandani mashine zinafanya kazi. Kuna mavuno mengine kati ya Februari na Aprili, nayo pia yanafaa kuonwa, ila yanaangukia kwenye mvua: njia za mashambani huwa tope, na zabibu zikinywa maji mengi sukari yake hupungua. Ukija Novemba au Juni utaonja vizuri tu, lakini utaona matangi yaliyotulia na mizabibu isiyo na vichala vilivyoiva.

Jambo moja ambalo wageni husahau ni kwamba Dodoma ni mji wa Bunge. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni kuna Bunge la Bajeti, vyumba vya wageni hujaa na bei hupanda. Hata vikao vifupi vya Agosti na Septemba huathiri malazi. Angalieni ratiba ya Bunge kabla ya kuweka tarehe.

Ni kweli zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka?

Ni kweli. Ulaya au Afrika Kusini mzabibu hupukutisha majani wakati wa baridi na kulala, kisha huamka wenyewe majira yakibadilika. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi: anapogolea matawi, macho mapya yanachipua, maua yanatoka, na baada ya takribani miezi minne kuna vichala vya kukata. Akipogolea mapema kwenye mvua, atavuna kabla mvua hazijaisha. Akipogolea tena baada ya hapo na ana maji ya kumwagilia, atavuna kiangazi.

Kupogolea huku ndiko ninakopenda wageni wakuone kuliko kitu kingine chochote. Mikono ya mtu mzoefu inakwenda haraka, lakini kila tawi ameliangalia: hili libaki na macho mawili, hili litoke kabisa. Akikosea, mzabibu utajaa majani na hautabeba.

Mavuno ya mvua yana gharama zaidi kwa mkulima kwa sababu ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa mawili ya ukungu yanayoshambulia majani na punje. Anapuliza dawa mara nyingi, na mvua ikinyesha jioni hiyo hiyo dawa inaoshwa. Kwa hiyo msichume na kula shambani bila kuuliza. Huenda shamba limepuliziwa juzi na muda wa kusubiri haujaisha. Mkulima mwenyewe atawaambia ni mstari upi ulio salama, na mara nyingi atawakatia kichala bila kuombwa.

Viwanda na mashamba yenyewe yako wapi?

Yametapakaa, na hapo ndipo mipango ya wengi huvurugika. Gawanyeni safari yenu kwa upande.

Upande wa kaskazini, kwenye barabara ya kwenda Kondoa na Arusha, kuna Makutupora. Ndipo kilipo kituo cha utafiti wa zabibu cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Zabibu nyekundu iitwayo Makutupora Red, ambayo mvinyo mwingi mwekundu wa hapa unatokana nayo, imechukua jina la mahali hapo. Bonde hilo hilo ndilo lenye visima vinavyonywesha mji wa Dodoma. Kwa mtu anayetaka kuelewa aina za zabibu na magonjwa yake, kituo cha utafiti kina manufaa kuliko kiwanda.

Kaskazini-mashariki kuna Hombolo, kama kilomita 40 kutoka mjini, penye bwawa na mashamba makubwa. Huko ndiko ilikojengwa CETAWICO, kampuni yenye asili ya Italia. Mbali na zabibu nyekundu za Syrah na Cabernet Sauvignon na nyeupe za Chenin Blanc, ilipanda aina za Italia ambazo ni adimu Afrika Mashariki: Teroldego, Marzemino na Aglianico. Ukibahatika kukuta chupa ya Aglianico ya Hombolo, inunue.

Kusini, barabara ya Iringa, kuna Bihawana na Mpunguzi, eneo la wakulima wadogo. Mashariki, wilayani Chamwino, kuna Chinangali, mradi wa umwagiliaji wa wakulima walio kwenye ushirika. Na mjini kwenyewe kuna wasindikaji wakubwa na wadogo, Alko Vintages akiwa miongoni mwa wanaofahamika zaidi.

Kwa siku moja, shamba moja na kiwanda kimoja vinatosha. Wanaojaribu viwanda vitatu kwa siku hawakumbuki hata kimoja.

Tunaweza kutokea tu bila taarifa?

Msifanye hivyo. Hivi ni viwanda vya kazi, havikujengwa kama hoteli za kitalii. Wakati wa mavuno msimamizi anapokea malori, anapima sukari, anahesabu kreti. Pigeni simu angalau wiki moja kabla, mseme mko wangapi, mnataka kuona nini, na kama mnataka kuonja au kununua tu. Ulizeni pia nani atawatembeza. Mtengeneza mvinyo mwenyewe akipatikana hata kwa nusu saa, badilisheni saa yenu imfuate yeye.

Simu hiyo pia ndiyo itakayowaambia kama kiwanda kinapokea wageni msimu huu au la. Baadhi hufunga milango wakiwa kwenye matengenezo au wakimaliza mzigo.

Kikundi kiwe cha watu wangapi?

Kati ya wanne na wanane. Mkizidi hapo, walio nyuma hawasikii kwa kelele za pampu, na meza ya kuonjea inageuka sherehe. Mkiwa wengi, gawanyikeni makundi mawili, moja lianze shambani na jingine kiwandani.

Tunafikaje, na nani ataendesha gari?

Kutoka Dar es Salaam, treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, imerahisisha mambo sana: ni safari ya kati ya saa tatu na nne, mnatoka asubuhi na mchana mko mezani. Mnunue tiketi mapema, hasa za Ijumaa, na kila mmoja awe na kitambulisho chake. Kwa barabara ni kama kilomita 450 kupitia Morogoro.

Ndani ya Dodoma kodisheni gari lenye dereva kwa siku nzima. Bajaji inafaa mjini, lakini kwenda Hombolo na kurudi ni mateso. Mkija na gari lenu, chagueni dereva kabla ya kutoka nyumbani, na dereva huyo asionje hata tone. Barabara ya Dar es Salaam ina malori usiku na mchana. Mnunulieni chupa yake, afungue akifika kwake.

Tutaona nini hasa kiwandani?

Kama ni mavuno, mtaanza kwenye mapokezi. Zabibu zinapimwa uzito, kisha mtu anakamua punje chache kwenye kioo cha kifaa kidogo cha mkononi, anakielekeza kwenye mwanga na kusoma kiwango cha sukari. Ombeni mtazame na ninyi. Namba ile inaamua mambo mengi, kuanzia malipo ya mkulima hadi ukali wa mvinyo, kwa kuwa takribani gramu 17 za sukari katika lita moja ya juisi hutoa asilimia moja ya kilevi.

Kisha mashine hutenganisha punje na vikonyo na kuzipasua. Hapa ndipo nyeupe na nyekundu zinapoachana njia. Kwa mvinyo mweupe, zabibu hukamuliwa mara moja, maganda yakatolewa, na juisi peke yake ikaenda kwenye tangi lenye ubaridi, mara nyingi kati ya nyuzijoto 12 na 18. Kwa mvinyo mwekundu, maganda na mbegu vinabaki humo humo vichachuke pamoja, kwenye joto la juu zaidi, kati ya 25 na 30. Rangi yote iko kwenye ganda. Pasueni punje ya zabibu nyekundu mtazame ndani: nyama yake karibu kila mara haina rangi.

Katika tangi, hamira inakula sukari na kutoa kilevi, joto na hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo huyasukuma maganda yaelee juu kama kofia nene, na wafanyakazi hulazimika kuyazamisha au kuyamwagia juisi kutoka chini mara kadhaa kwa siku. Harufu mahali hapo ni ya ajabu, ina utamu wa tunda na ukali kidogo puani. Msiinamishe kichwa kwenye tangi lililo wazi. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukaa juu ya juisi bila kuonekana, na imeua watu katika viwanda vya mvinyo duniani. Mwongozaji akisema simameni hapa, simameni hapo.

Baada ya hapo kuna kukamua machicha, kuacha mvinyo utulie, kuuchuja na kuujaza chupani. Baadhi hukaa kwenye mapipa ya mbao ya mwaloni, ambayo kwa kawaida hubeba lita 225, na mengi yake huagizwa kutoka nje kwa bei kubwa. Ndiyo maana mvinyo mwingi wa Dodoma hukaa kwenye matangi ya chuma na huuzwa ukiwa mchanga. Si kasoro. Chenin Blanc mchanga una harufu ya tunda ambayo pipa lingeifunika.

Tuvae nini?

Viatu vya kufunika. Mashambani kuna mbigili, na sakafu ya kiwanda huwa na maji. Kofia, maji ya kunywa, na koti jepesi kwa jioni za Julai na Agosti. Nguo nyeupe si chaguo zuri.

Manukato msipake siku hiyo. Mtu mmoja aliyejipulizia uturi anaweza kuwaharibia wenzake wote uonjaji, kwa kuwa sehemu kubwa ya ladha ni harufu.

Sijawahi kuonja mvinyo kwa utaratibu. Nifanye nini nisiaibike?

Hakuna wa kumwaibisha mwenzake mezani, lakini utaratibu upo, nao una sababu.

Shika glasi kwenye mguu wake ili mkono usiupashe mvinyo moto. Iinamishe juu ya kitu cheupe utazame rangi. Mwekundu mchanga huwa na ukingo wa zambarau, ukikaa miaka unaelekea kwenye rangi ya tofali. Mweupe hufanya kinyume, unakolea kadiri unavyozeeka. Kisha zungusha glasi taratibu ili harufu ipande, weka pua ndani, vuta pumzi fupi. Usitafute maneno makubwa. Sema unachokifahamu: embe, limau, ukwaju, zambarau za mtini, pilipili manga, majani mabichi, udongo baada ya mvua. Anayesema ukwaju kwa uhakika amesema jambo la maana kuliko anayetaja tunda la Ulaya ambalo hajawahi kulila.

Halafu chukua funda dogo, lizungushe mdomoni lifike pembeni na nyuma ya ulimi. Jiulize mambo manne. Je, kuna sukari? Je, uchachu unakutoa mate? Je, kuna ukakasi, ule mkauko wa fizi kama wa ndizi mbichi, unaotoka kwenye maganda na mbegu? Na ukimeza au kutema, ladha inabaki muda gani?

Anzeni na mweupe mkavu, yaani usio na utamu, mfuate na wa rangi ya waridi (rozé), kisha mwekundu, na mtamu uwe wa mwisho. Mkianza na mtamu, kila kinachofuata kitaonekana kichachu.

Kutema si utovu wa adabu?

Hapana. Chombo cha kutemea kimewekwa mezani kwa kazi hiyo, na hakuna mtengeneza mvinyo atakayeudhika. Fanya hesabu: vionjo sita vya mililita 40 ni mililita 240, karibu theluthi ya chupa, tena kwenye jua la Dodoma na tumbo ambalo huenda lina chai tu. Temeni vile ambavyo hamvipendi, mmeze mnavyovipenda, na katikati mnywe maji mengi.

Mbona mvinyo mkavu wa Dodoma wengine huuona mkali?

Kwa sababu wengi wetu tulianza na mvinyo mtamu. Mkavu maana yake hamira imemaliza karibu sukari yote, kwa hiyo uchachu na ukakasi vinajitokeza bila kufunikwa. Makutupora Red ikinywewa peke yake yaweza kuonekana ngumu. Inywe na mbuzi choma mwenye mafuta, utaona ukakasi ule ule unasafisha mdomo.

Joto nalo lina neno. Mwekundu unaotolewa kwenye joto la chumba cha Dodoma mchana, nyuzi 28 au 30, utaunguza pua kwa kilevi. Ombeni uwekwe kwenye friji kama dakika 20. Mweupe uwe baridi hasa. Barafu ndani ya glasi siipendekezi, inautia maji mvinyo uliokwisha kupata usawa wake.

Kati yetu kuna wasiokunywa pombe, kwa dini au kwa afya. Waje?

Waje kabisa, na waambiwe mapema ratiba ilivyo ili waamue wenyewe. Shamba, kupogolea, uvunaji na historia ya eneo havihitaji glasi. Kuna zabibu za mezani, na baadhi ya wasindikaji wana juisi ya zabibu isiyochachushwa. Wakati wa simu ile ya kwanza ulizeni kama ipo. Kwa rafiki Mwislamu ambaye hapendi kukaa kwenye meza ya pombe, pangeni saa ya kuonja iwe yenye mbadala, kwa mfano yeye na wengine wabaki shambani au watangulie kwenye chakula. Asishinikizwe na mtu, wala asitaniwe.

Mjamzito na anayetumia dawa wasionje.

Watoto je?

Umri wa kisheria ni miaka 18. Mtoto anaweza kuingia shambani na kufurahi sana wakati wa mavuno. Kiwandani kuna mashine, sakafu inayoteleza na hewa niliyoieleza. Mimi nisingempeleka.

Tule nini na wapi?

Mle kabla ya kuonja, na mle tena baadaye. Kama ni Jumamosi na mko upande wa Makutupora, mko njia moja na Mnada wa Msalato. Watu wa Dodoma huenda kule kwa nyama choma, na wageni wengi huondoka wakisema nyama ndiyo iliyowaleta. Mbuzi choma na mwekundu mkavu ni ndoa nzuri. Kuku wa kienyeji au samaki wa kukaanga apate Chenin Blanc. Pilipili kali na mwekundu mkali vinachocheana, kwa hiyo mwenye kupenda pilipili achague mweupe wenye utamu kidogo. Karanga za Dodoma zinafaa na chochote.

Mlenda na ugali wa uwele msiondoke bila kuvila, lakini kwenye meza nyingine. Mlenda na mvinyo havisaidiani.

Gharama ikoje?

Inatofautiana kwa kiwanda na kwa msimu, kwa hiyo ulizeni vitu vitatu mbalimbali: ada ya kutembezwa, ada ya kuonja, na kama ada hiyo hupunguzwa mkinunua chupa. Mahali pengine kutembezwa ni bure ila mnatarajiwa kununua. Malipo ya simu hukubaliwa karibu kila mahali mjini, ila mashambani muwe na fedha taslimu. Mkulima aliyewapa saa nzima ya asubuhi yake ya mavuno alipwe, hata kama hakutaja bei. Kununua kreti ya zabibu kwake ni njia ya heshima zaidi.

Kwa nini tununue wa Dodoma wakati wa Afrika Kusini umejaa madukani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami napenda kulijibu kwa sauti ya kawaida. Afrika Kusini wamefanya kazi hii tangu karne ya 17, na chupa zao nyingi ni nzuri. Sisemi muache kuzinywa.

Lakini fikirieni zabibu. Ikishakatwa, haina siku nyingi. Mkulima hawezi kuiweka ghalani kama mtama akasubiri bei. Kiwanda kikisema matangi yamejaa, vichala vinaozea kwenye kreti au vinauzwa barabarani kwa bei ya hasara, na zabibu za mvinyo, zenye punje ndogo, ganda nene na mbegu nyingi, hazina wateja wengi wa kula. Hilo limetokea Dodoma misimu mingi. Ndiyo sababu siku hizi kuna mkazo kwenye mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa: wakulima wakiwa na mahali pa kukamua na matangi ya kuhifadhi, kama ilivyokusudiwa Chinangali, wanauza mchuzi kwa viwanda kwa wakati wanaouchagua, badala ya kukimbizana na kuoza.

Serikali nayo imeweka tofauti kwenye ushuru wa bidhaa: mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani hutozwa kidogo sana kuliko mvinyo mwingine. Inasaidia, lakini matangi hayawi matupu kwa sababu ya ushuru peke yake. Huwa matupu chupa zikinunuliwa. Chupa moja ya mililita 750 inabeba zaidi ya kilo moja ya zabibu za mtu wa Mpunguzi au Hombolo. Rafiki wanane wakiondoka na chupa tatu tatu, hizo ni kilo zisizopungua 24 zilizopata pa kwenda.

Na ubora umepanda. Onjeni mweupe wa mavuno ya kiangazi kutoka kiwanda makini, mtaona kwamba hamnunui kwa huruma.

Tutajuaje chupa ni salama na halisi?

Tazameni alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na stempu ya kielektroniki ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kwenye shingo ya chupa. Stempu mnaweza kuipima kwa programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu. Someni lebo: aina ya zabibu, kilevi kwa asilimia, mwaka kama umeandikwa. Mvinyo wa nyumbani unaouzwa kwenye chupa za maji, bila alama yoyote, msiununue hata kama muuzaji ni mcheshi. Wapo wasindikaji wadogo wengi, wakiwemo vikundi vya kina mama, waliofuata taratibu na kupata alama. Waungeni mkono hao.

Tunaruhusiwa kupiga picha?

Shambani, mkiomba kwa mwenye shamba. Watu wanaovuna waulizwe kwanza. Kiwandani kuna sehemu zisizoruhusiwa. Droni inahitaji kibali, na Dodoma ni makao makuu ya nchi, kwa hiyo iacheni nyumbani.

Tutasafirishaje chupa, na zitunzweje?

Ombeni boksi lenye vigawanyo kiwandani. Msiache mvinyo kwenye buti la gari lililoegeshwa juani hata kwa mlo mmoja wa mchana, kwani joto humo hupanda vibaya, kizibo husukumwa na ladha hupikika. Kama mnarudi kwa treni au ndege, ulizeni mapema masharti ya mizigo. Kwa ndege, chupa ziingie kwenye sanduku linalopimwa, zikiwa zimezungushiwa nguo.

Nyumbani, yenye kizibo cha gome ilazwe, penye giza na pasipo joto. Yenye kifuniko cha kuzungusha isimame tu. Mvinyo mwingi wa Dodoma ni wa kunywewa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ukifunguliwa, mweupe na mwekundu vyote virudi kwenye friji vikiwa vimefungwa, vinywewe ndani ya siku tatu hadi tano. Na msisahau kizibuo. Nyumba nyingi hazina, na kuzamisha kizibo ndani kwa kisu ni hatari kwa mkono.

Sisi tuko Kenya. Kuna pa karibu zaidi?

Kuna Naivasha, kwenye Bonde la Ufa, ambako zabibu za mvinyo wa Leleshwa hulimwa na wageni hupokelewa kwa miadi vilevile, na pia Yatta. Mandhari ya Naivasha ni ya kupendeza na mwinuko wake ni mkubwa kuliko wa Dodoma, karibu mita 1,900, kwa hiyo mvinyo una tabia yake. Anzeni huko kama wikendi ni fupi. Mkipata siku nne, njooni Dodoma mwezi Septemba kupitia Arusha, Babati na Kondoa. Barabara ni ya lami, na Makutupora mtaikuta kabla hamjaingia mjini.